Diski Ikiugua, Okoa Daftari Kwanza

Somo kwa makatibu na waweka hazina wa matawi



Somo hili linahusu kompyuta inayokataa kuwaka kwa sababu diski yake kuu ina hitilafu. Limeandikwa kwa ajili ya makatibu wa matawi, waweka hazina, na kila mwanachama aliyekabidhiwa kompyuta ya ofisi bila ya yeye kuwa fundi. Ukilisoma mpaka mwisho utaweza kufanya mambo matatu. La kwanza ni kutambua aina ya ugonjwa. La pili ni kuokoa habari zilizomo ndani ya diski. La tatu ni kuitengeneza diski hiyo, au kuamua kwamba haifai tena.

Mambo haya yafuatwe kwa mpango huo huo. Wengi wetu huanza na la tatu, na kwa kufanya hivyo hupoteza la pili.

1. Kwa nini jambo hili ni la chama

Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 imempa mfanyakazi wa Uganda haki ya kujiunga na chama. Lakini mbele ya mwajiri haki hiyo huonyeshwa kwa karatasi: orodha ya wanachama, fomu za kukubali makato ya mchango, stakabadhi, barua na kumbukumbu za mikutano. Zamani karatasi hizo zilikuwa ndani ya kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kikifungiwa kabatini. Siku hizi sehemu kubwa imo ndani ya kompyuta moja, nayo mara nyingi ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika na mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tawi moja la kiwanda hapa Kampala lina mkutano na mwajiri siku ya Jumatatu. Mwajiri anadai kwamba waliokubali kukatwa mchango ni 210. Katibu anajua kwamba ni 340, na fomu zote zilizotiwa sahihi zimepigwa picha na kuwekwa katika kompyuta ya ofisi. Ijumaa jioni umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Jumamosi asubuhi kompyuta inawashwa, inaandika mstari mmoja kwenye kioo cheusi, kisha inanyamaza.

Katibu anaibeba mpaka mjini. Fundi anaitazama kwa dakika tano na kusema, "Nitakuwekea Windows mpya, njoo jioni uichukue." Jioni kompyuta inawaka vizuri kabisa. Daftari halimo.

Fundi huyo hakuiba wala hakudanganya. Aliombwa aifanye kompyuta iwake, naye ameifanya iwake. Kosa lilikuwa katika agizo. Kompyuta inaweza kununuliwa nyingine, lakini siku ya Jumatatu wanachama 130 hawatakuwa na ushahidi wowote mezani.

2. Diski kuu ni bohari yenye leja

Ili kuelewa ugonjwa ni lazima kwanza tuelewe mwili. Diski kuu ndiyo sehemu inayotunza habari hata kompyuta inapozimwa. Ya kwanza kabisa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na kwa ukubwa wake wote iliweza kutunza herufi milioni 5 tu. Diski ya leo ya terabaiti moja huingia katika kiganja cha mkono, nayo hubeba mara laki mbili ya kiasi hicho.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani za kung'aa zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Kichwa hicho hakiigusi sahani, bali huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno, ndogo kuliko hata chembe ya moshi. Kwa hiyo diski ikianguka, au ikitikiswa inapozunguka, kichwa chaweza kuikwaruza sahani. Ndiyo maana pia diski haifunguliwi mezani kwa bisibisi. Vumbi la chumba cha kawaida latosha kuiua.

Sasa ifikirie diski kama bohari ya kiwanda. Bohari ina vitu viwili. Kwanza zipo rafu ambazo shehena huwekwa. Katika diski rafu hizo huitwa sekta, na kila moja hubeba baiti 512, au baiti 4,096 katika diski za siku hizi. Pili ipo leja inayosema kila kitu kiko rafu gani. Katika kompyuta za Windows leja hiyo kwa kawaida hupangwa kwa mfumo uitwao NTFS.

Kutokana na mfano huu twapata magonjwa mawili ambayo ni lazima yatenganishwe.

Ugonjwa wa kwanza ni leja kuvurugika. Mtunza bohari amehamisha magunia kumi kutoka rafu moja kwenda nyingine, na kabla hajaandika katika leja, taa zinazimika. Magunia yapo, rafu ni nzima, lakini leja na rafu hazikubaliani. Hivi ndivyo inavyotokea umeme unapokatika kompyuta inapoandika. Mfumo wa NTFS huweka kumbukumbu ya kazi uliyokusudia kufanya, ili uweze kujisahihisha umeme unaporudi. Mara nyingi hufaulu, lakini si kila mara.

Ugonjwa wa pili ni rafu kuoza. Hapa leja yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini mahali penyewe pameharibika na kichwa hakiwezi kupasoma. Huu ni ugonjwa wa mwili wa diski, nao hutokana na uzee, kuanguka, joto au umeme mbaya. Diski huwa na sekta chache za akiba, na inapogundua rafu mbovu huihama kimya kimya bila ya kukuambia. Ukianza kuona makosa kwenye kioo, yafaa udhani kwamba uozo umeanza siku nyingi.

Leja iliyovurugika yaweza kutengenezwa kwa programu. Rafu iliyooza haitengenezwi na programu yoyote duniani. Programu huweza tu kuiwekea alama kwamba isitumiwe tena.

3. Hakikisha kwanza kwamba ni diski

Si kila kompyuta isiyowaka ina diski mbovu. Kabla ya kuhukumu, pitia mambo haya. Hayagharimu chochote.

(a) Je, kuna flashi iliyosahauliwa ikiwa imechomekwa? Kompyuta yaweza kuwa inajaribu kuwaka kutoka katika flashi hiyo. Itoe, kisha washa tena.

(b) Je, kioo hakionyeshi kitu chochote tangu mwanzo? Hapo shaka iwe juu ya umeme, kioo chenyewe, au vipande vya kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Diski mbovu kwa kawaida huiacha kompyuta ionyeshe angalau jina la kampuni iliyoitengeneza.

(c) Je, saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi? Ndani kuna betri ndogo ya duara, aina ya CR2032 katika kompyuta nyingi za mezani. Ikiisha nguvu, kompyuta husahau mipango yake, hata diski ya kuanzia. Mtu anaweza kuambiwa anunue diski mpya, kumbe dawa ni kibetri.

(d) Katika kompyuta ya mezani, zima, ondoa waya wa umeme ukutani, kisha fungua ubavu wake na ukaze nyaya mbili za diski. Vumbi na kuhamishwa kutoka ofisi hadi ofisi huzilegeza.

(e) Ingia katika ukurasa wa mipango ya mwanzo, uitwao BIOS. Kompyuta nyingi hutumia kitufe cha F2, F10 au Delete mara tu inapowashwa. Tazama kama jina na ukubwa wa diski vinaonekana. Kama vinaonekana, umeme na nyaya zinafika. Kama havionekani hata baada ya kukaza nyaya, ugonjwa ni wa mwili, na hakuna amri ya kuandika itakayosaidia.

Hali kadhalika tumia masikio. Diski nzima huvuma taratibu. Ukisikia mlio wa kugonga unaojirudia, au kukwaruza, zima mara moja na usiwashe tena kwa majaribio. Kila dakika ya kuzunguka inazidi kuikwangua sahani. Diski ya namna hiyo ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa habari wenye chumba kisicho na vumbi, kama yaliyomo yana thamani ya gharama hiyo. Usiiweke ndani ya friji kama wasemavyo watu wengine, kwa maana ubaridi huleta unyevu juu ya sahani.

4. Kanuni kuu: usiandike juu ya mgonjwa

Faili linapofutwa, au leja inapovurugika, shehena kwa kawaida bado imo rafuni kwa muda. Itapotea kweli pale kitu kingine kitakapowekwa juu yake. Kwa hiyo, mpaka daftari litakapookolewa, usifanye lolote kati ya mambo yafuatayo:

— usiweke Windows upya;
— usikubali kuisafisha diski nzima, kazi ambayo mafundi huiita kufomati;
— usiweke programu mpya katika diski hiyo;
— usiizime na kuiwasha mara ishirini ukitumaini bahati;
— usianze na amri za kutengeneza.

La mwisho huwashangaza wengi. Je, kutengeneza si jambo jema? Ni jema wakati wake ukifika. Programu ya kutengeneza ni kama mkaguzi anayetaka leja na rafu vikubaliane. Akikuta mstari wa leja asioweza kuulinganisha na rafu, huenda akaufuta. Kwake yeye hesabu imekuwa safi. Kwako wewe faili la mwaka mzima limetoweka.

5. Kuokoa

Ziko njia mbili ambazo katibu anaweza kuzifuata mwenyewe.

Njia ya kwanza ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine uliomo ndani ya flashi. Mfumo wa Ubuntu, ambao ni wa aina ya Linux, hutolewa bure. Flashi yake hutengenezwa katika kompyuta nyingine iliyo nzima, na tawi lolote laweza kuwa nayo kabatini kabla ya siku ya shida. Chomeka flashi, washa, kisha uiagize kompyuta ianze na flashi hiyo, kwa kawaida kupitia F12, F9 au Esc. Ukiulizwa kama unataka kuujaribu mfumo au kuuweka ndani ya kompyuta, chagua kujaribu. Kuuweka ndani ni kuandika juu ya mgonjwa.

Ukishaingia, fungua diski ya kompyuta, tafuta folda iitwayo Users, na ndani yake jina unalotumia. Nakili mafaili kwenda katika diski ya nje au flashi nyingine. Anza na yasiyo na mbadala: orodha ya wanachama, picha za fomu, hesabu, barua, mikataba. Nyimbo na filamu zingoje. Diski inaweza kufa katikati ya kazi, kwa hiyo chenye thamani kitangulie.

Njia ya pili ni kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya au kasha la USB. Vifaa hivyo hupatikana katika maduka ya kompyuta mjini. Kompyuta hiyo ya pili ikisema kwamba diski ina makosa na kuuliza kama iisafishe, kataa.

Kama kunakili kunakwama kila mara kwenye faili moja, au diski haifunguki, usiilazimishe. Ipo programu ya Linux iitwayo ddrescue ambayo hunakili diski nzima, sekta kwa sekta. Kwanza hupita haraka mahali penye afya, huacha penye ubovu, kisha hurudi kupajaribu. Hutunza pia ramani ya kazi yake, ili umeme ukikatika iendelee ilipoishia. Amri yake ni ya namna hii:

ddrescue -d /dev/sda picha.img picha.map

Hapa sda ni diski mgonjwa, na picha.img ni nakala yake, ambayo ni lazima ikae katika diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Kabla ya kuandika amri hii, simama katika folda ya diski hiyo ya nje, na uhakikishe kwa kutazama ukubwa kwamba sda kweli ndiye mgonjwa, kwani jina hilo hubadilika kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mtu akikosea, mgonjwa akawa ndiye anayeandikiwa, kazi imekwisha. Kumbuka pia kwamba diski ya nje iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Jambo hili lifanywe na wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Onyo moja zaidi. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa ufunguo wa siri, mathalani kwa BitLocker ya Windows. Diski ikiwa imefungwa hivyo, hutasoma kitu bila ya ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe leo, uwekwe ndani ya bahasha, ukae na mweka hazina.

6. Kutengeneza

Sasa daftari liko salama mahali pengine, na umelifungua ukaliona kwa macho yako. Hapo ndipo tunapoweza kumtibu mgonjwa.

Hatua ya kwanza ni kusoma cheti cha afya. Kila diski hujiwekea ripoti iitwayo SMART. Programu ya diski iliyomo ndani ya Ubuntu huionyesha. Tazama namba 5, ambayo ni idadi ya sekta zilizohamwa, na namba 197, ambayo ni sekta zinazoshukiwa. Zote mbili zikiwa sifuri, inaelekea kwamba leja tu ndiyo iliyovurugika. Namba hizo zikiwa kubwa, au zikiongezeka kutoka siku hadi siku, diski inaoza, na kuitibu ni kupoteza wakati.

Hatua ya pili ni kutengeneza leja. Windows 10 na 11 zina chumba cha matengenezo. Kompyuta ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida huingia humo yenyewe. La sivyo tumia flashi ya kuwekea Windows na uchague kutengeneza badala ya kuweka. Humo utakuta sehemu ya kuandikia amri. Andika:

chkdsk C: /f

Herufi /f huiambia programu irekebishe makosa ya leja. Lakini jihadhari, kwa kuwa ndani ya chumba hiki diski yako yaweza kuitwa D: badala ya C:. Andika kwanza dir C: na utazame kama folda zako zimo. Kazi yaweza kuchukua dakika chache au saa nzima. Usiikatize.

Ikimaliza, huenda ukakuta folda mpya iitwayo found.000, imejaa mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK. Hiyo ni shehena iliyookotwa sakafuni bila ya lebo. Usiitupe kabla ya kuikagua.

Iko pia chkdsk C: /r, ambayo hufanya kazi yote ya /f na zaidi ya hapo hupitia sekta zote kutafuta zilizooza. Katika diski kubwa yaweza kuchukua saa nyingi, na huichosha diski iliyo dhaifu. Itumie pale tu ambapo nakala umekwisha kuipata.

Kama leja ni safi lakini Windows bado haiwaki, tatizo laweza kuwa katika mafaili ya kuanzia. Katika chumba hicho hicho kuna chaguo la kutengeneza mwanzo wa kompyuta lenyewe kwa lenyewe. Lijaribu. Likishindwa, kuweka Windows upya sasa si hatari tena, maana hakuna cha kupoteza. Kwa wenye Linux, amri inayolingana na chkdsk ni fsck, nayo isitumiwe juu ya diski iliyo wazi na inayofanya kazi.

Hatua ya tatu ni kuamua. Leja ikivurugika mara moja baada ya umeme kukatika, diski yaweza kuendelea na kazi. Makosa yakirudi ndani ya majuma machache bila ya sababu, diski isiaminiwe tena na mali ya chama, hata kama inawaka kila asubuhi.

Neno kuhusu diski zisizo na sahani, ziitwazo SSD. Hizi hazina kitu kinachozunguka, haziogopi sana kutikiswa, wala hazipigi kelele za kuonya. Zinaweza kufa ghafla. Tena faili lililofutwa ndani yake mara nyingi halirudishiki, kwa sababu diski yenyewe huzisafisha rafu zilizo wazi. Kanuni ya kuokoa kwanza inazihusu hata zaidi.

7. Ukienda kwa fundi

Mafundi wa Kampala ni wafanyakazi wenzetu, na wengi wana ujuzi mkubwa. Lakini fundi hufanya alichoagizwa. Kwa hiyo agizo liandikwe na litiwe sahihi na pande mbili. Liseme hivi: habari ziokolewe kwanza, diski isisafishwe wala Windows isiwekwe upya kabla ya katibu kuiona nakala, diski ya zamani irudishwe hata ikiwa mbovu, fundi asibaki na nakala yoyote.

Sharti la mwisho si la kumdharau mtu. Daftari la wanachama lina majina, namba za simu, mishahara na namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde. Zaidi ya sheria, kuna sehemu za kazi ambako orodha ya wanachama ikimfikia mwajiri kabla ya wakati, watu hupoteza kazi. Diski mbovu nayo isitupwe jalalani, kwani mtu mwingine aweza kuisoma. Ivunjwe sahani zake mbele ya wajumbe wawili, kisha ipelekwe kwa wanaopokea taka za vyombo vya umeme.

8. Kinga

Umeme wetu watoka hasa katika mabwawa ya Mto Nile. La Owen Falls huko Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Wenye umri wanakumbuka mgao mkali wa miaka ya 2005 na 2006, maji ya ziwa yalipopungua. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilikamilika mwaka 2012, na la Karuma, la megawati 600, likazinduliwa mwaka 2024. Tarehe 1 Aprili 2025 kampuni ya serikali ya UEDCL ilichukua kazi ya kusambaza umeme kutoka kwa kampuni ya Umeme. Hata hivyo bwawa kubwa haliizuii radi kupiga nguzo ya mtaani kwenu, na diski haijali umeme umekatwa na nani.

Kwa hiyo kompyuta ya mezani iwe na betri ya UPS. Dakika kumi zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Radi inapoanza kunguruma, maliza, zima, na uchomoe waya ukutani.

Kinga iliyo kubwa kuliko zote ni nakala. Kanuni inayokubalika ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kumbukumbu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya ofisi. Kwa tawi dogo, maana yake ni kompyuta, diski ya nje kabatini, na flashi iliyofungwa kwa neno la siri nyumbani kwa mweka hazina, au katika hifadhi ya intaneti. Nakala ifanywe kila Ijumaa na iandikwe katika kitabu pamoja na sahihi ya aliyeifanya. Mara moja kwa mwezi ifunguliwe na isomwe. Ni heri kugundua nakala mbovu siku ya kawaida kuliko siku ya kuihitaji.

Na orodha ya wanachama ichapwe kwenye karatasi kila baada ya miezi mitatu. Karatasi haihitaji umeme.

9. Maswali ya kujadili tawini

1. Kompyuta ya tawi letu ikikataa kuwaka kesho asubuhi, ni kumbukumbu gani tutakazokosa? Ziorodhesheni.

2. Nakala ya mwisho ilifanywa lini, na nani, nayo iko wapi sasa? Iletwe mkutanoni ifunguliwe.

3. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya leja iliyovurugika na rafu iliyooza. Ni upi kati ya magonjwa hayo ambao chkdsk yaweza kuutibu?

4. Fundi asema ataiwasha kompyuta kwa nusu saa kwa bei nafuu. Mtamwuliza maswali gani kabla ya kumkabidhi?

5. Nani katika tawi letu atapewa kazi ya kutengeneza flashi ya Ubuntu na kuijaribu kabla ya mkutano ujao? Jina lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu, na katika mkutano ujao aulizwe.